JKT Kanembwa: Timu ya Kakonko na siku ya mabao 15

Kila msimu wa ligi unapoanza, jina la JKT Kanembwa hurudi midomoni mwa wapenzi wa soka wa Kibondo, Kakonko na Kasulu. Vijana waliozaliwa juzi huuliza ilikuwa timu gani, na wakubwa huuliza ilipotelea wapi. Katika makala hii tunaeleza ilikotoka, ngazi iliyofikia, na jinsi mchezo mmoja wa Februari 2016 ulivyoiondoa katika ramani ya soka la taifa.

Timu ya kambi

Kanembwa ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi cha 824 KJ, iliyopo Wilaya ya Kakonko. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo hadi mwaka 2012, Kakonko ilipomegwa na kuwa wilaya kamili. Ndiyo maana wazee wengi bado huiita timu hiyo "timu ya Kibondo".

JKT ilianzishwa Julai 10, 1963, na michezo imekuwa sehemu ya maisha ya kambi zake kwa miaka mingi. Mgambo ya Tanga, Oljoro ya Arusha na JKT Ruvu ya Pwani zote zilifika Ligi Kuu. Timu ya kambi ina faida yake: wachezaji wana pa kulala, wana chakula, wana uwanja wa mazoezi na nidhamu ya kazi. Kwa wilaya za pembezoni kama zetu, ambako si rahisi kumpata mfadhili, hiyo ni faida kubwa.

Ugumu ulikuwa barabara. Mechi za nyumbani za Kanembwa zilichezwa Uwanja wa Lake Tanganyika, Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 200 kutoka kambini. Shabiki wa Kakonko aliyetaka kuiona timu yake "nyumbani" alilazimika kupita Kibondo na Kasulu, tena wakati huo sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya vumbi.

Ngazi za ligi

Ili kuelewa kilichotokea, tukumbuke ngazi zilivyokuwa wakati huo. Juu kabisa ni Ligi Kuu. Chini yake ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza, ambayo tangu msimu wa 2021/22 inaitwa Championship. Ikifuata Ligi Daraja la Pili, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na chini yake ligi za mikoa na wilaya.

Kanembwa ilicheza Daraja la Kwanza, hatua moja tu kutoka Ligi Kuu. Kwa misimu kadhaa ilipangwa Kundi C na timu za kanda ya ziwa na magharibi, na ikakutana na wakongwe kama Toto African na Pamba za Mwanza. Msimu wa 2013/14 kundi hilo liliipandisha Stand United ya Shinyanga.

Siku ya mwisho ya Kundi C

Msimu wa 2015/16 Daraja la Kwanza lilikuwa na timu 24 katika makundi matatu ya timu nane. Kinara wa kila kundi pekee ndiye aliyepanda Ligi Kuu.

Kundi C lilifika siku ya mwisho, Februari 2016, Geita Gold na Polisi Tabora zikifukuzana kileleni. Tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Geita ilicheza na JKT Kanembwa, na Polisi Tabora ilicheza na JKT Oljoro. Geita ikashinda 8-0. Tabora ikashinda 7-0. Mabao 15 yalifungwa katika mechi mbili, na kwa matokeo hayo Geita ikawa juu.

Mashirikisho ya soka yanaujua mtego wa siku ya mwisho. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza zikijua tayari kwamba ushindi mdogo wa Wajerumani ungezivusha zote mbili na kuitoa Algeria. Ikaisha 1-0. Tangu fainali za 1986, mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa muda mmoja. Lakini saa moja haitoshi ikiwa mpinzani hana tena cha kupigania, na Kanembwa ilikuwa imekwisha kushuka daraja kabla ya filimbi ya kwanza kupulizwa.

Uamuzi wa TFF

Shirikisho la Soka Tanzania lilisimamisha matokeo hayo na kulipeleka shauri Kamati ya Nidhamu. Mwanzoni mwa Aprili 2016 kamati ilitoa uamuzi wake kuhusu upangaji wa matokeo. Geita Gold, Polisi Tabora na JKT Oljoro zikashushwa hadi Daraja la Pili. Kanembwa, ambayo tayari ilikuwa inaelekea Daraja la Pili, ikateremshwa zaidi, hadi ligi ya mkoa.

Adhabu ziliwafikia na watu. Wapo waliofungiwa maisha kujihusisha na soka, na wapo waliofungiwa miaka 10 pamoja na faini ya shilingi milioni 10. Walikuwemo viongozi, waamuzi na wachezaji.

Nafasi ya Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, iliyokuwa nyuma ya timu hizo katika msimamo. Mbao haikuichezea bahati hiyo. Msimu uliofuata iliitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na Mei 27, 2017 ikacheza fainali Dodoma na kufungwa na Simba 2-1 katika muda wa nyongeza.

Nani alilipa

Geita Gold ilijikusanya upya. Ikiwa na halmashauri ya mji na mgodi wa dhahabu nyuma yake, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, ikamaliza ya nne, na mwaka 2022 ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka sita iliiondoa adhabuni hadi mashindano ya bara.

Kakonko hakuna mgodi wa namna hiyo. Timu iliyoshushwa hadi ligi ya mkoa hurudi kwenye mechi zisizotangazwa redioni, na kijana mwenye kipaji haonwi na kocha yeyote wa Dar es Salaam. Adhabu iliandikwa kwa jina la klabu, lakini mzigo wake uliwaangukia pia vijana wa Kakonko, Kibondo na Kasulu ambao hawakuwepo uwanjani siku ile, na waliopoteza mlango wa karibu wa kutokea.

Kigoma baada ya Kanembwa

Mkoa haukubaki mtupu. Mashujaa, timu ya jeshi yenye makao Kigoma mjini, iliishangaza nchi Desemba 2018 ilipoitoa Simba 3-2 kwenye Kombe la Shirikisho, Dar es Salaam, ikiwa bado madaraja ya chini. Mwaka 2023 iliitoa Mbeya City katika mechi za mchujo na kupanda Ligi Kuu. Aprili 2024 iliitoa Simba tena, safari hii kwa penalti, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika.

Ngazi aliyopanda Mashujaa ni ileile iliyo mbele ya kila timu ya wilaya zetu: ligi ya wilaya, ya mkoa, mabingwa wa mikoa, na kuendelea. Mechi za chini hazina kamera wala umati mkubwa, na hapo ndipo tabia ya kuuza mchezo huanza, kwa bao moja la kumsaidia jirani. Kanembwa ilifungwa mabao manane siku ambayo haikuwa na cha kupoteza katika msimamo, na siku hiyo ndiyo iliyopoteza kila kitu.