Tajiri, maskini na hekalu: maneno yaliyotoka Babeli

Jioni, dereva wa bodaboda Dar es Salaam huzima pikipiki, hutoa noti zilizokunjamana mfukoni na kuzigawa mafungu mawili. Fungu moja ni la mafuta na la nyumbani. La pili haligusi, maana ni hesabu ya tajiri. Huyo tajiri huenda ni mwalimu mstaafu mwenye pikipiki mbili tu na nyumba isiyokwisha kujengwa. Lakini chombo ni chake, na mwenye chombo ndiye tajiri. Kijiweni neno hili halipimi wingi wa mali. Linamtaja mwenye mtaji aliyemtuma mwenzake barabarani.

Kwa maana hiyo, dereva yuko karibu na asili ya neno kuliko mwandishi wa habari anayeorodhesha matajiri wa dunia. Miaka 3,800 hivi iliyopita, watu wa Babeli, katika nchi inayoitwa leo Iraki, walimwita mfanyabiashara *tamkarum*. Waaramu, ambao lugha yao ilikuja kuenea Mashariki ya Kati yote, wakalilainisha kuwa *taggara*. Waarabu wakalipokea kwa sura ya *tajir*, na majahazi yakalishusha pwani yetu pamoja na tende na mazulia. Kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zinalipa tajiri maana mbili zilizokaa pamoja: mfanyabiashara, na mwenye mali. Maana ya kwanza imefifia vitabuni, ila haijafa mtaani.

Ukitaka kumwona tajiri wa kwanza akiwa kazini, nenda Kültepe, katikati ya Uturuki. Hapo palikuwa na mji wa Kanesh, na wafanyabiashara kutoka Ashuru waliweka makao yao humo karne ya 19 kabla ya Kristo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vibao vya udongo kama 23,000, vingi vikiwa barua, hati za madeni na hesabu za mizigo. Misafara ya punda ilitoka Ashuru ikiwa na bati na nguo, ikatembea takriban kilomita 1,000, kisha ikarudi na fedha na dhahabu. Nguo zilifumwa na wanawake waliobaki nyumbani. Mmoja wao, Lamassi, alimwandikia mumewe Pushu-ken barua ambazo ukizisoma unadhani ziliandikwa juzi. Anauliza mbona fedha za nguo zake hazitoshi, na anamkumbusha kwamba fulani amekwisha kujenga nyumba mara mbili tangu yeye Pushu-ken asafiri. Je, wao watajenga lini?

Baada ya Kanesh akaja Hammurabi, aliyetawala Babeli mwaka 1792 hadi 1750 kabla ya Kristo kwa mpangilio wa tarehe unaotumiwa na wengi. Sheria zake karibu 282 zilichongwa kwenye jiwe jeusi lenye kimo cha mita 2 na robo. Karne kadhaa baadaye jeshi la Elamu lililiteka jiwe hilo na kulipeleka Susa, katika Irani ya leo. Wachimbaji wa Kifaransa walilikuta huko likiwa limevunjika vipande vitatu, kati ya mwishoni mwa 1901 na mwanzoni mwa 1902. Padri Jean-Vincent Scheil alichapisha tafsiri mwaka huohuo wa 1902, na jiwe likaishia jumba la makumbusho la Louvre, Paris.

Sheria za 100 hadi 107 zinamhusu tajiri na wakala wake. Tajiri anatoa fedha, wakala anashika njia. Akirudi mikono mitupu, anadaiwa maradufu ya alichopewa, kwa maana sheria haikutaka kusikia kwamba biashara ilikuwa mbaya. Akivamiwa na maadui njiani na kunyang'anywa mzigo, anaapa mbele ya mungu na kuachiwa huru. Akipokea fedha kisha akakana, na mashahidi wakamuumbua, analipa mara tatu. Na katika kila makabidhiano sharti apewe kibao chenye muhuri. Fedha isiyo na muhuri haiingizwi kwenye hesabu.

Mpango huo wa mmoja kutoa mtaji na mwingine kutoa miguu ulifika Afrika Mashariki na kushamiri. Katika karne ya 19, Tharia Topan, mfanyabiashara Mhindi wa Unguja, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara ya bara, na Tippu Tip akamlipa kwa pembe za ndovu. Punda wa Ashuru hawakuwepo. Mizigo ilibebwa na mabega ya wapagazi, na misafara hiyo iliteka na kuuza watu pia. Deni la Unguja lililipwa na vijiji vilivyokuwa mamia ya maili kutoka baharini, ambako hapakuwa na mtu aliyetia muhuri wowote.

Neno la pili katika jiwe la Hammurabi ni *mushkenum*. Tumeshalisikia: ndilo maskini letu, lililopitia Kiaramu na Kiarabu njia ileile ya tajiri. Lilielekea magharibi pia, likawa *meschino* kwa Waitaliano na *mesquin* kwa Wafaransa. Kwetu limekuwa hata sauti ya huruma. Mtoto akianguka, mtu husema "maskini!" bila kuuliza baba yake ana nini benki.

Huko Babeli, mushkenum hakuwa lazima fukara. Asili ya neno ni kitenzi cha kuinama, kusujudu. Alikuwa mtu huru anayeinama mbele ya aliye juu yake, na wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani alitegemea kasri la mfalme. Juu yake alikuwa *awilum*, na Kiswahili kina neno linalomfaa kabisa: mwungwana. Chini yake alikuwa mtumwa. Mpwani wa zamani angezielewa ngazi hizo tatu bila mkalimani.

Sheria ilizipima ngazi hizo kwa fedha. Mwungwana akimtoboa mwungwana mwenzake jicho, lake nalo litatobolewa. Akilitoboa la maskini, atalipa mina moja ya fedha, kama nusu kilo. Watu hupenda kusema Hammurabi alileta jicho kwa jicho. Wanasahau kwamba jicho la maskini halikulipwa kwa jicho, liliwekewa bei. Lakini ngazi ileile ilimpunguzia gharama alipougua. Tabibu aliyeliokoa jicho kwa kisu cha shaba nyeusi alilipwa shekeli 10 na mwungwana, 5 na maskini, na 2 na bwana wa mtumwa. Na mwizi aliyeiba ng'ombe wa maskini alirudisha mara 10, wakati aliyeiba wa mungu au wa kasri alirudisha mara 30. Asiye na cha kulipa aliuawa.

Kasri hilo ndilo neno la tatu. Wasumeri, waliotangulia kuandika kwa udongo katika nchi hiyo, waliliita *e-gal*, yaani nyumba kubwa. Wababeli wakatamka *ekallum*, Waebrania na Waarabu wakalifanya *hekhal* na *haykal*, nasi tukapata hekalu. Njiani mfalme alihama na mungu akabaki, ndiyo maana kwetu hekalu ni nyumba ya ibada tu. Misri nayo ilikuwa na usemi wake kama huo. *Per-aa*, nyumba kubwa, lilianza kuwa jina la jumba kabla ya kuwa jina la mkaaji, na leo tunamwita Farao au Firauni. Na Ikulu? Neno hilo limetoka bara, kwa Wanyamwezi na jirani zao, likiwa makao ya mtemi, na ndani yake umo mzizi *-kulu*, ukubwa. Hapo hakuna aliyemwazima mwenzake. Watu wa Mto Frati, wa Mto Nili na wa Unyamwezi waliitazama nyumba ya mtawala, kila mmoja kwa macho yake, wakaipa jina lilelile.

Nyumba kubwa ilipenda kujionyesha kuwa kinga ya wanaoinama. Jiwe la Hammurabi lenyewe linasema mfalme aliwekwa ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge, na sheria ya 48 inaonyesha kinga hiyo ilivyokusudiwa kufanya kazi. Mkulima mwenye deni akipatwa na dhoruba, au maji yakikosekana na shayiri isiote, mwaka huo halipi nafaka wala riba, na kibao cha mkopo kinaloweshwa maji ili kiandikwe upya. Mara kwa mara wafalme wa Babeli walifuta pia madeni ya aina fulani kwa tangazo. Tangazo la Ammi-saduqa, mrithi wa nne baada ya Hammurabi, limetufikia. Tajiri naye hakuwa mjinga, kwa hiyo wafalme waliweka adhabu kwa mkopeshaji aliyegeuza jina la mkopo ili uonekane kitu kingine na kuliepuka tangazo.

Maana za maneno haya zimehama sana, lakini uhusiano baina ya watu walioyabeba umesogea kidogo tu. Dereva wetu wa jioni hana kibao cha udongo. Ana ujumbe wa muamala kwenye simu, na haufuti hata simu ikijaa, kwa sababu siku tajiri akisema hakupokea hesabu ya Jumanne, ujumbe huo ndio muhuri wake. Angefurahi kuisoma sheria ya 107, inayofuata mara baada ya ile ya wakala mwongo. Wakala akikana fedha ya tajiri, analipa mara tatu. Tajiri akikana alichorudishiwa na wakala, analipa mara sita.