Mgongano wa maslahi katika uhariri wa kamusi elezo ya mtandaoni

MWAMBA ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii yaeleza vyema suala ambalo limewasumbua wahariri wa Wikipedia kwa miaka mingi: mtu anapoandika kumhusu yeye mwenyewe, mwajiri wake, biashara yake au mji wake, msomaji atajuaje kwamba ngozi haikuvutwa upande mmoja?

Hali hiyo huitwa mgongano wa maslahi. Hutokea pale ambapo wajibu wa mhariri wa kueleza mambo bila kuegemea upande unapopambana na faida ambayo yeye au jamaa zake watapata makala yakisema hivi badala ya vile.

Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales pamoja na Larry Sanger. Toleo la Kiswahili lilifuata mwaka wa 2003. Waandishi wake ni watu wa kujitolea, na hakuna mhariri mkuu anayepitisha kila makala kabla hayajasomwa. Hata wakabidhi, wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia wakorofi, hawalipwi.

MFANO WA MACKINNON ROAD

Chukua mfano wa Mackinnon Road, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, katika eneobunge la Kinango, kaunti ya Kwale. Jina lake latokana na Sir William Mackinnon, mwasisi wa kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka wa 1888.

Kando ya reli pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambapo wasafiri husimama kuomba dua. Wakati wa hali ya hatari katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilikuwa na kambi hapo ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau. Isitoshe, mji huo umezozaniwa na kaunti za Kwale na Taita Taveta, kila upande ukidai mpaka na haki ya kutoza ushuru.

Makala ya mji kama huo yana walinzi wachache. Sentensi moja yaweza kukaa miaka mingi bila kuguswa, ikanakiliwa na wanafunzi, wanahabari na hata programu za kompyuta zinazojibu maswali. Afisa wa kaunti akibadilisha mstari unaotaja mji uko wapi, anakuwa hakimu katika kesi yake mwenyewe. Mwenye nyumba ya wageni akiandika kwamba yake ndiyo bora zaidi, hilo ni tangazo.

Hata hivyo, ukaribu na jambo si kosa. Mzaliwa wa Mackinnon Road anayesahihisha tahajia au tarehe hukisaidia kizazi kizima. Muumini naye anaweza kueleza kuhusu kaburi, mradi atenganishe imani na ithibati. Kuandika kwamba karai la zege lilielea juu ya kichwa cha Baghali Shah alipokuwa akijenga reli ni kuthibitisha muujiza. Kuandika kwamba wenyeji husimulia hivyo ni kutoa habari.

VISA VILIVYOTOKEA

Mwasisi mwenyewe hakusalimika. Mwaka wa 2005 iligunduliwa kwamba Wales alikuwa amehariri wasifu wake, ikiwemo kupunguza nafasi ya Sanger kama mwasisi mwenza. Alikiri baadaye kwamba hakupaswa kufanya hivyo.

Mwaka wa 2007, Mmarekani Virgil Griffith alitoa programu iliyolinganisha mabadiliko ya wahariri wasiojitambulisha na anwani za kompyuta zao. Ilibainika kuwa kompyuta za shirika la ujasusi la Marekani, CIA, na za Vatican zilikuwa zimetumiwa kuhariri makala. Aidha, kutoka kampuni ya Diebold, iliyotengeneza mashine za kupigia kura, zilifutwa aya zilizokosoa mashine hizo.

Kisa cha mwaka wa 2015 kinawahusu zaidi wafanyabiashara wadogo, mathalan wenye hoteli za Diani. Akaunti 381 zilizuiwa katika Wikipedia ya Kiingereza baada ya kundi moja kupatikana likiwatoza watu pesa ili makala yao yachapishwe, kisha likidai malipo zaidi ili yasifutwe. Wikipedia haitozi ada ya kuchapisha wala ya kulinda makala.

Kwa Kiswahili, suala la malipo lilijitokeza kwa sura nyingine. Mwaka wa 2009 kampuni ya Google ilianzisha shindano la wanafunzi wa Kenya na Tanzania kuandika makala, na washindi wakaahidiwa zawadi. Kurasa ziliongezeka, lakini swali likazuka: je, anayeandika kwa ajili ya zawadi atabaki kuyatunza aliyoyaandika?

KANUNI

Tangu Juni 2014, masharti ya matumizi ya Wikipedia yanamtaka kila anayelipwa kuhariri atangaze mwajiri, mteja na uhusiano wake na jambo husika. Mwenye maslahi hushauriwa asiguse makala yenyewe, bali apendekeze mabadiliko katika ukurasa wa majadiliano, akionyesha vyanzo huru, kisha wengine waamue.

Kwa maafisa wa serikali nchini Kenya, kifungu cha 75 cha Katiba ya 2010 kinawataka waepuke mgongano kati ya maslahi ya binafsi na wajibu wa umma. Mhariri wa kujitolea hafungwi na kifungu hicho, ila afisa haachi kuwa afisa anapoketi mbele ya kompyuta.

Msomaji naye ana silaha. Kila ukurasa una historia inayoonyesha mabadiliko yote, tarehe na akaunti iliyoyafanya. Akaunti iliyohariri makala moja tu, na kila mara kwa kusifu au kufuta lawama, yafaa kutiliwa shaka.