Picha na Kifaru: Bangkok, Septemba 2006

Usiku wa Jumanne, tarehe 19 Septemba 2006, vifaru viliingia katikati ya jiji la Bangkok vikiwa vimefungwa utepe wa njano. Waziri Mkuu wa Thailand, Thaksin Shinawatra, alikuwa New York kuhudhuria Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Alijaribu kutangaza hali ya hatari kwa njia ya simu kupitia kituo kimoja cha televisheni, na matangazo yakakatwa kabla hajamaliza. Muda si mrefu, televisheni za nchi nzima zikawa zinaonyesha picha za Mfalme Bhumibol na nyimbo za kumtukuza. Kulipopambazuka, Katiba ya mwaka 1997 ilikuwa imefutwa, Bunge na Baraza la Mawaziri vimevunjwa, na Mahakama ya Katiba imeondolewa. Hakuna aliyeuawa.

Jumatano ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko. Benki, shule na soko la hisa vikafungwa. Basi mji mkubwa usio na kazi ya kwenda siku hiyo ukatoka kwenda kutazama vifaru. Wazazi waliwabeba watoto wao wakawapandisha juu ya magari ya kivita, wakapiga picha. Wengine walileta maua ya waridi, maji ya kunywa na vyakula kwa ajili ya askari. Maharusi walionekana wakipigwa picha mbele ya mizinga. Na watalii, ambao Bangkok haikosi hata siku moja, walijipanga pamoja na wenyeji kusubiri zamu ya kusimama kando ya askari kijana mwenye bunduki na utepe wa njano, wakatabasamu. Mambo yalifikia hadi wasichana wanenguaji kuja kuwachezea askari, na jeshi likalazimika kupiga marufuku burudani hiyo kwa kuwa iliwavunjia askari heshima ya kazi yao.

Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na ndizo zilizowapa wahariri wa magazeti ya nje istilahi waliyoihitaji: mapinduzi ya amani. Tangu hapo istilahi hiyo imeingia katika vitabu na mihadhara, na wanafunzi huileta katika mijadala kana kwamba ni aina maalumu ya utawala, iliyo bora kuliko zile nyingine. Nadhani inafaa tuichunguze. Amani hiyo ilikuwa ya nani, na ilipimwa kwa muda gani?

Kiswahili chenyewe kinatutatiza kidogo hapa. Neno mapinduzi tunalitumia kwa umma ulioinuka na kuuangusha utawala, na tunalitumia vilevile kwa jenerali aliyetoka kambini usiku na orodha ya majengo ya kuzingirwa. Kumbukumbu zetu nazo hazifanani. Mtu wa Nairobi aliyeishi siku ya 1 Agosti 1982 anakumbuka milio ya risasi, maduka yaliyoporwa na maiti barabarani. Mtu wa Kampala wa rika lake, akiwa mkweli, atakumbuka kwamba Januari 1971 watu walimiminika mitaani kumshangilia Idi Amin. Shangwe za siku ya kwanza ni jambo tunalolijua vizuri katika ukanda huu.

Tuwatendee haki wale wa Bangkok. Hawakushangilia kwa ujinga. Thaksin, tajiri wa mawasiliano ya simu, alishinda uchaguzi wa mwaka 2001 na ule wa 2005 kwa kura nyingi, hasa za wakulima wa kaskazini na kaskazini-mashariki, ambao aliwapa matibabu kwa ada ya baht 30 tu kwa kila ziara ya hospitali, pamoja na mikopo ya vijiji. Lakini ni huyohuyo aliyeendesha vita dhidi ya dawa za kulevya mwaka 2003, vita ambavyo watu zaidi ya 2,000 waliuawa katika miezi michache, wengi bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Ni chini yake ambapo, Oktoba 2004 huko Tak Bai, makumi ya vijana Waislamu walikufa kwa kukosa hewa baada ya kulundikwa katika malori ya jeshi. Januari 2006 familia yake iliuza hisa za kampuni yake kwa shirika la uwekezaji la Singapore kwa baht bilioni 73, bila kulipa kodi. Tabaka la kati la mji mkuu likaandamana kwa miezi. Uchaguzi wa Aprili 2006 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani, na mahakama ikaubatilisha. Kufikia Septemba, nchi ilikuwa imechoka.

Rangi ya njano nayo ilikuwa na kazi yake. Ni rangi ya Jumatatu, siku aliyozaliwa Mfalme Bhumibol, na mwezi Juni mwaka ule taifa lilikuwa limeadhimisha miaka 60 ya utawala wake. Fulana za njano zilikuwa zimejaa kila mtaa. Kifaru chenye utepe wa njano kilikuwa kinasema, bila tamko lolote, kwamba anayekipinga anampinga mfalme, na sheria za nchi ile zinamfunga miaka mingi anayemkashifu mfalme. Sisemi kwamba maua yale ya waridi hayakuwa ya dhati. Mengi yalikuwa ya dhati. Lakini mwenye maua alikuwa huru kuja uwanjani, na mwenye bango hakuwa huru, kwa kuwa mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi ilikuwa imekatazwa. Mpiga picha aliona kilichoruhusiwa kuonekana.

Utumishi wa umma haukusimama hata kidogo. Makatibu wakuu wa wizara walielekezwa kuendesha wizara pasipo mawaziri, na Alhamisi ofisi zikafunguliwa, stakabadhi zikagongwa mihuri kama kawaida. Soko la hisa lilipofunguliwa siku hiyo lilishuka kidogo tu. Baada ya miezi mitatu, tarehe 19 Desemba, soko hilohilo liliporomoka kwa takriban asilimia 15 kwa siku moja, na sababu ilikuwa masharti mapya ya kudhibiti fedha za wawekezaji wa kigeni. Kufutwa kwa katiba kuliwashtua wenye mitaji kwa kiasi kidogo mno kuliko waraka wa benki kuu.

Utalii nao ulipita salama. Siku tisa baada ya vifaru kuingia, tarehe 28 Septemba, uwanja mpya wa ndege wa Suvarnabhumi, uliojengwa kwa miaka na kwa gharama kubwa mno, ulifunguliwa rasmi kama ilivyopangwa. Ndege zikatua, mizigo ikachelewa kidogo, hoteli zikajaa. Thailand ilipokea wageni wapatao milioni 13.8 mwaka ule, kutoka milioni 11.5 mwaka uliotangulia, na mwaka 2007 wakazidi milioni 14. Anayetaka kutumia takwimu hizi akumbuke kwamba mwaka 2005 ulikuwa umeharibiwa na tsunami ya Desemba 2004, hivyo sehemu ya ongezeko hilo ni kupona tu. Hata hivyo, hoja ya watawala wapya ilikuwa imepata shahidi asiye na upande: mgeni aliyekuja, akaogelea, akala, akarudi kwao, na alipoulizwa akajibu kwamba hakuona tatizo lolote. Alisema kweli. Alikaa siku kumi.

Kwingineko, mambo hayakuwa ya kupigiwa picha. Vituo vingi vya redio za kijamii vya kaskazini, ngome ya Thaksin, vilizimwa. Huko Chiang Mai, kundi la wanazuoni waliokuwa na tovuti iitwayo Chuo Kikuu cha Usiku wa Manane, ambako makala za bure zilisomwa na yeyote, walipinga hadharani rasimu ya katiba ya mpito. Kabla mwezi haujaisha tovuti yao ilifungwa. Siku tatu baada ya mapinduzi, kikundi kidogo cha wanafunzi na wanaharakati kilisimama mbele ya maduka makubwa ya eneo la Siam, kikiwa kimepita idadi iliyoruhusiwa, na kikalaani kitendo cha jeshi huku wanunuzi wakipita na mifuko yao. Sheria ya kijeshi ilipoondolewa Bangkok mapema mwaka 2007, iliendelea katika mikoa mingi ya vijijini na mipakani. Katika mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, ambako Jenerali Sonthi Boonyaratglin, kiongozi wa mapinduzi na Mwislamu wa kwanza kushika ukuu wa jeshi la nchi kavu, alitarajiwa kuleta suluhu, mauaji yaliendelea.

Kisha kuna Nuamthong Praiwan. Alikuwa dereva wa teksi, mtu wa miaka 60. Tarehe 30 Septemba 2006, alfajiri, aliliendesha gari lake kwa kasi akaligonga kwenye kifaru kilichokuwa katika uwanja wa kifalme, kifaru cha aina ileile ambacho wiki moja na nusu kabla watoto walikuwa wakipandishwa juu yake. Aliumia vibaya lakini hakufa. Msemaji mmoja wa jeshi akasema hadharani kwamba hakuna mtu mwenye itikadi kali kiasi cha kuitolea uhai wake. Usiku wa tarehe 31 Oktoba, Nuamthong alikutwa amejinyonga kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara ya Vibhavadi Rangsit, karibu na ofisi za gazeti kubwa la nchi, akiwa ameacha maandishi ya kumjibu msemaji yule. Katika hesabu za mapinduzi ya amani, jina lake huwa halihesabiwi, kwa kuwa hakufa siku ile na hakuuawa na askari.

Waliosoma historia ya nchi ile wangeweza kujua kinachokuja. Tarehe 23 Februari 1991 jeshi la Thailand lilimpindua Waziri Mkuu Chatichai Choonhavan bila damu, na wakati huo pia wengi wa Bangkok walipumua, wakisema serikali iliyoondoka ilikuwa ya wala rushwa. Mwaka uliofuata, jenerali mmojawapo wa waliopindua, Suchinda Kraprayoon, alijitwalia uwaziri mkuu bila kugombea ubunge. Watu wakaandamana, na katika siku chache za Mei 1992 askari wakawapiga risasi na kuua makumi. Mtindo wa 2006 ulichukua muda mrefu zaidi. Wapiga kura waliporudishiwa kura Desemba 2007, waliwachagua tena washirika wa Thaksin. Novemba 2008 wapinzani wao wenye fulana za njano waliuteka uwanja wa Suvarnabhumi kwa zaidi ya wiki moja, na safari hii watalii wakaguswa: mamia ya maelfu walikwama. Mahakama ikakivunja chama tawala. Wenye fulana nyekundu wakaingia mjini, na kati ya Aprili na Mei 2010 jeshi likawatawanya kwa risasi za moto. Zaidi ya watu 90 walikufa, wengi wao raia, baadhi yao katikati ya mtaa wa hoteli na maduka ya fahari wa Ratchaprasong.

Msomaji asidhani haya ni ya Asia peke yake. Novemba 2017 jenerali wa Zimbabwe alitokea kwenye televisheni akasema kwamba hayo hayakuwa mapinduzi ya kijeshi, na siku chache baadaye Harare ilijaa watu waliokuwa wakiwakumbatia askari na kujipiga nao picha, wakisherehekea mwisho wa Robert Mugabe. Tarehe 1 Agosti 2018, katika mitaa hiyohiyo, askari wa jeshi hilohilo walifyatua risasi siku mbili baada ya uchaguzi, na watu sita wakafa.

Ndiyo maana nasita kulikubali neno amani linapofuatana na mapinduzi ya aina hii. Kinachofanyika usiku wa kwanza ni kuondoa njia ya kugombana bila silaha: bunge, uchaguzi, mahakama, redio, uhuru wa kukusanyika. Ugomvi wenyewe haujaondolewa. Wakulima wa Isan waliompigia kura Thaksin walikuwa bado wapo asubuhi ya tarehe 20 Septemba, na waliokwenda uwanjani na maua hawakuwa wamewauliza. Walichopewa watu wa Bangkok siku ile ni mapumziko ya siku moja kazini na ya muda fulani katika siasa.

Majenerali wao walijifunza vizuri zaidi kutokana na tukio lile. Jenerali Prayuth Chan-ocha alipotwaa madaraka tarehe 22 Mei 2014, alitangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Kampeni ikaanzishwa ya kuwarudishia wananchi furaha, yenye wimbo, matamasha, kunyolewa bure na tikiti za bure za filamu ya kihistoria. Wakati huohuo wanasiasa, wahadhiri na waandishi wa habari waliitwa kambini mmoja baada ya mwingine, na vijana waliosimama hadharani wakisoma riwaya ya Orwell au wakila mikate wakakamatwa. Wageni walipungua mwaka ule, kutoka milioni 26.5 hadi milioni 24.8, na hilo liliwatia wasiwasi wakubwa. Tarehe 3 Juni amri ya kutotoka nje iliondolewa Pattaya, Phuket na Koh Samui, kwenye fukwe na baa za watalii. Wakazi wa Bangkok walisubiri hadi tarehe 13. Mwaka 2015 wageni walikaribia milioni 30. Katazo la mikusanyiko ya kisiasa ya watu watano au zaidi liliondolewa Desemba 2018.