Prosciutto di Parma: Paja la nguruwe lenye taji

PROSCIUTTO di Parma ni paja la nguruwe linalokaushwa kwa chumvi na hewa, bila kupikwa wala kufukizwa moshi. Hutengenezwa katika vilima vya Parma, kaskazini mwa Italia. Sheria inataka viwanda viwe angalau kilomita 5 kusini mwa barabara ya kale ya Via Emilia, kati ya mito Enza na Stirone, na mahali pasipozidi mita 900 juu ya usawa wa bahari.

Viungo ni viwili tu: nyama na chumvi. Kemikali za kuhifadhi haziruhusiwi. Fundi hulipaka paja chumvi, kisha huwekwa katika chumba baridi kwa majuma kadhaa. Baadaye huoshwa na kutundikwa lipigwe na hewa, na sehemu isiyo na ngozi hupakwa mafuta ya nguruwe yaliyochanganywa na unga ili isikauke upesi. Kazi yote huchukua zaidi ya mwaka mmoja.

Hatimaye mkaguzi hulidunga kwa sindano ya mfupa wa farasi, ambayo hunasa harufu upesi, na kuinusa. Paja lililofaulu hupigwa chapa ya moto yenye taji la ncha tano.

Watengenezaji waliunda chama chao mwaka 1963, na Umoja wa Ulaya ukalilinda jina hilo mwaka 1996. Mwaka 2003, mahakama ya umoja huo iliamua kuwa hata ukataji wa vipande na ufungaji vinaweza kutakiwa kufanywa Parma kwenyewe. Nchini Kanada, ambako kampuni nyingine ilikuwa imesajili jina Parma, nyama hiyo haikuweza kuuzwa kwa jina lake halisi hadi mkataba wa kibiashara ulipoanza kutekelezwa mwaka 2017.

Lakini chapa na mahakama haviwezi kuzuia maradhi. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, iligunduliwa miongoni mwa nguruwe mwitu wa Piedmont Januari 2022. Haiambukizi binadamu, lakini huua nguruwe wengi mno na haina tiba. Mwezi huo huo, Japani ilisimamisha ununuzi wa nyama ya nguruwe ya Italia. Hivyo, ugonjwa unaowatia hasara wafugaji wa Kenya umekuwa pia hofu ya mafundi wa Parma.