Mizani ya Akili

Palikuwa na wakati katika nchi yetu ya Kenya ambapo akili za watu zilipimwa kwa mizani, kama kahawa ipimwavyo kiwandani. Mwaka wa 1934 daktari mmoja wa maabara ya Serikali katika Nairobi, F. W. Vint, alitangaza habari za bongo 100 za wanaume Waafrika waliokwisha kufa. Alizipima uzito, akazikata, akazitazama kwa hadubini, kisha akalinganisha hesabu zake na zile zilizoandikwa juu ya Wazungu. Wastani wa bongo za Waafrika ulikuwa gramu 1,276. Wa Wazungu, alisema, ulikuwa gramu 1,428.

Msimamizi wa hospitali ya Mathari, Dakt. H. L. Gordon, alizipokea hesabu hizo kama mtu aliyekuwa akizingoja. Kwake yeye zilionyesha kwamba akili ya Mwafrika imewekewa mpaka na maumbile. Tena aliona hatari katika elimu ya Kizungu, akidhani kwamba yaweza kuivunja akili isiyoumbwa kuihimili. Tazama basi jambo hili lilikuwa likielekea wapi. Ikiwa mpaka upo, shule za nini? Mwaka wa 1933 kilikuwa kimekwisha kuundwa katika Kenya chama cha kuchunguza namna ya kuboresha mbari za watu, na fedha za kuendeleza uchunguzi ziliombwa London. Serikali ya huko haikuzitoa.

Fikira yenyewe haikuzaliwa Nairobi. Mwingereza Francis Galton aliandika mwaka wa 1869 kwamba ubora wa akili hurithiwa, maana aliona watu mashuhuri wakitokea mara nyingi katika jamaa zile zile. Walakini mtoto wa jaji harithi damu tu. Hurithi pia nyumba yenye vitabu, mazungumzo ya mezani, na marafiki wa baba yake.

Uzito wa ubongo nao ni shahidi dhaifu. Albert Einstein alipokufa mwaka wa 1955, ubongo wake ulipimwa ukaonekana kuwa na gramu 1,230 hivi, yaani pungufu ya wastani wa wale wanaume wa Nairobi! Mwandishi Mfaransa Anatole France, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1921, alikuwa na ubongo wa gramu 1,000 na kidogo tu.

Sisemi kwamba maumbile hayana sehemu yake. Mapacha wa kufanana kabisa, hata wakilelewa mbalimbali, aghalabu hukaribiana katika mitihani ya akili, na kila mwalimu amewaona ndugu wa nyumba moja ambao mmoja hufahamu hesabu upesi na mwingine polepole. Kosa la madaktari wale lilikuwa jingine: waliwalinganisha watu waliokua katika hali mbili mbalimbali kwa chakula, maradhi na mafunzo, kisha tofauti yote wakaitia katika damu.

Mfaransa Alfred Binet, aliyetunga mwaka wa 1905 pamoja na Théodore Simon mtihani wa kwanza wa akili uliotumika sana, aliutaka uwatambue watoto wanaohitaji msaada. Alikataa kabisa kwamba akili ni kiasi kisichoongezeka, akapendekeza mazoezi ya kuzoeza usikivu na kumbukumbu. Hapa ndipo bidii inapoingia. Katika miaka ile ile ya ubishi wa Nairobi, Eliud Mathu alikuwa akijisomea na kufundisha. Baadaye akasoma Oxford, na mwaka wa 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya.

Lakini tusiisifu bidii kana kwamba husimama peke yake. Mtoto mwenye njaa hawezi kujibidiisha kama aliyeshiba, hata akitaka. Ushahidi wa hayo umetoka Embu. Watoto wa huko wa umri wa miaka 7 hivi walipewa mtihani wa akili mwaka wa 1984, na wengine wa umri huo huo wakapewa mtihani ule ule mwaka wa 1998. Wa pili waliwashinda wa kwanza kwa mbali. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Wachunguzi walipotafuta sababu, waliona kwamba wazazi wenye kusoma walikuwa wameongezeka, watoto wa kila nyumba wamepungua, na chakula kimekuwa bora.

Mwaka huo wa 1998 shule 12 za Embu ziliingizwa katika jaribio jingine. Watoto wa baadhi yao walipewa githeri yenye nyama kila siku ya masomo, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Katika mtihani wa kufikiri waliopata nyama ndio walioendelea zaidi ya wote.