Nasaba za Wafalme na Ushahidi wa Lugha: Mfano wa Wangoni wa Songea

Nasaba ya kifalme husimuliwa ili kuthibitisha haki ya kutawala. Huko Ireland, watawala wa Uí Néill walijinasibisha na Niall, ambaye habari zake zimechanganyika na ngano. Tarihi ya Kilwa nayo humtaja Ali bin al-Hasan wa Shiraz, anayesimuliwa kuwa alikinunua kisiwa kwa nguo. Hapa Ruhuwiko swali hilohilo linatuhusu: Wangoni wa Songea ni wana wa nani?

Masimulizi huanzia kwa Zwangendaba Jele, aliyewaongoza watu wake kutoka kusini, akavuka mto Zambezi mwaka 1835, na kufariki Ufipa katika miaka ya 1840. Hata hivyo, dola mbili zilizosimama katika nchi hii hazikuwa za uzao wake. Njelu ilitawaliwa na ukoo wa Gama, na Mshope na ukoo wa Tawete. Wanawe, Mpezeni na M'Mbelwa, walitawala katika nchi ambazo leo ni Zambia na Malawi. Kwa watawala wa Songea, basi, Zwangendaba ni babu wa safari, si babu wa damu.

Lugha inatoa ushahidi mwingine. Katika uainishaji wa Guthrie, Kingoni cha Songea kimo katika kanda N pamoja na Kimatengo na Kimanda, ilhali Kizulu kimo katika kanda S. Vidoko, ambavyo ni alama ya lugha za Kinguni, vimetoweka. Miongoni mwa maneno machache yaliyosalia yamo ya utawala, kama vile nkosi na nduna. Sababu yake ni kwamba wageni walikuwa wachache, wakaoa wanawake wa jamii walizozishinda, nao watoto wakakua katika lugha ya mama zao.

Kiswahili kina historia inayofanana na hiyo. Sarufi yake ni ya Kibantu, ingawa masultani walidai asili ya Shiraz. Uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ya pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa wengi wa waliochunguzwa walitokana na akina baba wa Uajemi na akina mama wa Kiafrika. Nasaba, kwa hiyo, haikuwa uongo mtupu. Ilihesabu upande mmoja tu.

Jambo hili si la kitaaluma pekee. Mwaka 1906, wakati wa Vita vya Maji Maji, Wajerumani walimnyonga Nkosi Mputa Gama na pia nduna wake Songea Mbano, na mji huu umebeba jina la nduna. Tukiifundisha historia kwa orodha ya wakosi peke yake, tutawafuta Wandendeule, Wamatengo na wengineo waliopigana na kufa katika vita hivyo, pamoja na akina mama waliotuachia lugha yenyewe. Wanafunzi wetu na wakusanye nasaba kwa wazee, lakini wakusanye pia msamiati wa jikoni, wa shambani na wa malezi. Humo ndimo walimo mababu ambao hakuna aliyewataja.