Nyota ya Jaa Haionekani Kikoneni

Januari mwaka wa 2019, siku tatu mfululizo, nilisimama usiku nyuma ya nyumba yetu Kikoneni nikitafuta nyota ambayo haipo. Darubini ilikuwa mpya kwangu ila kuukuu kwa mwenyewe wa kwanza, mgeni mmoja wa Diani aliyeona ni shida kuirudisha nayo kwao. Akaniuzia shilingi elfu sita. Kijitabu chake kilisema, kwa Kiingereza na Kijerumani, kwamba kabla ya jambo lolote ni lazima mhimili uelekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini. Mimi ni mtu wa kufuata maelezo. Nikaelekeza chombo upande wa Shimba Hills, nikainama, nikangoja.

Usiku wa tatu Babu akatoka nje na mkongojo wake. "Watafuta nini huko, mjukuu wangu?"

"Nyota ya Jaa, Babu."

Akacheka mpaka akakohoa. "Jaa iko chini ya ardhi huku. Utachimba?"

Babu ujanani alipanda majahazi kutoka Vanga, kabla hajaajiriwa kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi, kile kilichofungwa mwaka wa 1988. Alikuwa sahihi. Kikoneni iko kama digrii nne na nusu kusini mwa ikweta, kwa hivyo ncha ya kaskazini ya anga, pamoja na nyota iliyo karibu nayo, iko digrii nne na nusu chini ya upeo. Hata ukipanda kilele cha Mrima huioni. Mwandishi wa kile kijitabu hakuwahi kufikiria kwamba darubini yake ingefika Kikoneni, na simlaumu sana. Lakini kuanzia usiku ule nikaanza kuuliza swali lililonitoa kwenye nyota na kuniingiza kwenye historia: hiki chombo kilitengenezwa kwa ajili ya anga ya nani?

Wenzetu wa baharini walikuwa na chombo chao. Kinaitwa kamali, na kwa kukitazama tu ungedhani ni kitu cha mtoto kuchezea: kibao cha mbao chenye mstatili, na uzi wenye mafundo uliotoka katikati. Nahodha anauma uzi kwa meno, anasogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse bahari na ukingo wa juu uguse nyota, kisha anahesabu fundo alilofikia. Kipimo chake kilikuwa kidole, yaani isba, kama digrii moja na sehemu sita za kumi. Ukijua Jaa iko vidole vingapi, unajua uko wapi kati ya kaskazini na kusini. Ukishuka kuelekea kwetu Jaa inazama, na mabaharia hawakukaa kulia. Walihamia kwenye Farqadani, zile nyota mbili za Dubu Mdogo, na wakizidi kushuka, kwenye Naashi, ambayo ndiyo Dubu Mkubwa. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 kutoka Julfar, pande za Ras al-Khaimah ya leo, alitunga shairi zima la njia ya kwenda Sofala kupitia pwani hii. (Tuliambiwa shuleni ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka wa 1498. Wanahistoria wengi sasa wanakataa. Nakubaliana nao, manake mtu wa hadhi ile asingehitaji kusingiziwa kazi ya siku zile chache.)

Lugha yenyewe bado imebeba ile dira. Jaa ni nyota na ni kaskazini. Suheli ni nyota na ni kusini. Mvuvi anayesema upepo umetoka suheli anataja nyota bila kujua, kama mimi nilivyokuwa nikitaja Kilimia miaka yote bila kusikia kulima ndani yake.

Sasa darubini. Ile yangu ilikuwa ya kioo, upana milimita 114, urefu wa mwangaza milimita 900, na ilisimama juu ya kile wanachokiita stendi ya Kijerumani. Stendi hiyo ina mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, ili ukizungusha kifundo kimoja tu chombo kiifuate nyota inavyosafiri. Fundi aliyeipa umaarufu ni Joseph von Fraunhofer, na darubini yake kubwa ilisimikwa Dorpat, leo Tartu nchini Estonia, mwaka wa 1824. Tartu iko digrii 58 kaskazini. Kule mhimili unainuka juu vya kutosha, na kila kitu kinakaa sawa. Huku kwetu mhimili huohuo lazima ulale karibu sambamba na ardhi, uelekee Vanga badala ya Shimba Hills, na ukilala hivyo chuma cha uzito kinagonga mguu wa stendi. Nilijaribu kuweka matofali, nikajaribu kukata mguu mmoja. Mguu uliokatwa upo mpaka leo, mama anategea mlango wa banda la kuku.

Dawa ilitoka kwa mtawa. John Dobson alizaliwa Beijing mwaka wa 1915, akaingia monasteri ya Kivedanta huko San Francisco, na huko akaanza kusaga vioo vya darubini kwa siri kwa vifaa vya kuokota: vioo vya madirisha ya meli, mirija ya kadibodi, mbao za maboksi. Mwaka wa 1967 wakamfukuza. Mwaka uliofuata yeye na vijana wachache wakaanza kuweka darubini barabarani na kumwita kila mpita njia atazame. Stendi yake ni sanduku tu. Linazunguka kushoto na kulia, mrija unapanda na kushuka, basi. Halina habari na ncha yoyote ya anga, kwa hivyo halijali uko Tartu au Kikoneni. Kwangu mimi huyu mzee aliyefariki mwaka wa 2014 ni mkubwa kuliko wengi wanaosifiwa kwenye vitabu vya sayansi, ingawa hakugundua nyota hata moja.

Nikaenda kwa fundi wa mbao anayetengeneza vitanda na milango. Nilimchorea mchangani. Akauliza, "Hili sanduku lawekwa nini?" Nikamwambia, mwezi. Alitumia plaiwudi, fomaika ya meza iliyotupwa, na mahali Dobson alipoweka teflon sisi tuliweka vipande vya jerikeni. Mhimili wa pembeni ni vifuniko viwili vya bomba la maji machafu, inchi nne. Mbele palikuwa pazito, tukafunga soksi ya mchanga nyuma. Siku mbili kazi imekwisha, na chombo kikasukumika kwa kidole kimoja.

Ukitaka kununua, nisikilize kidogo. Usitazame namba ya kukuza. Boksi langu lilijisifu mara 675, na hesabu ni ya kweli, ila ni kweli ya mchuuzi, manake kioo cha milimita 114 kikipita mara 220 hivi kinakuonyesha uji. Mimi natumia mara 36, na nikipata usiku mtulivu, mara 90. Galileo aliziona nyota zinazoizunguka Mushtari mnamo 7 Januari 1610 kwa chombo kilichokuza kama mara 20. Kinachonunuliwa ni upana, kwa sababu upana ndio unaokusanya mwanga: kioo changu kinakusanya zaidi ya mara 260 kuliko mboni ya jicho gizani. Skrubu tatu za nyuma ya kioo zijue kama unavyojua funguo zako, kwa sababu darubini ikipandishwa boda kutoka Ukunda hadi huku, kioo kinakaa upande. Na adui mkubwa wa pwani si wingu, ni kuvu. Masika moja tu yalitosha kuota utando kama wa buibui kwenye lenzi yangu ndogo. Sasa lenzi zinalala kwenye kopo lenye vile vifuko vya kwenye maboksi ya viatu.

Kuna jambo nililiacha makusudi. Ndani ya boksi mlikuwa na kichujio cheusi, kidogo kama sarafu ya shilingi ishirini, cha kufunga kwenye lenzi ya kutazamia ili uone jua. Jumapili ya 21 Juni 2020 jua lilipatwa. Pete kamili ilipita Ethiopia, sisi tukapata kipande. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona na mpwa wangu wa miaka minane alikuwa kwetu. Nikafunga kichujio, nikaelekeza, nikatazama kama sekunde kumi. Nikainua kichwa.

"Mjomba, zamu yangu?"

Kabla sijamjibu nikasikia tak. Kichujio kilikuwa kimepasuka katikati, na mstari mweupe wa jua ukatokea kwenye lenzi, mahali jicho lake lingekuwa. Kioo kilikuwa kimekusanya joto lote la mrija na kulibana kwenye kile kisarafu. Kichujio cha kweli hukaa mbele, kwenye mdomo wa mrija, kabla jua halijaingia. Nilikijua hicho baadaye. Asubuhi ile niliupindua mrija chini, mikono ikitetemeka, na mtoto akadhani nimemkasirikia. Akaenda kukaa chini ya mwembe. Ni yeye aliyeona: kwenye mchanga, kila tundu kati ya majani lilikuwa limeangusha kijiduara cha mwanga, na kila kijiduara kilikuwa kimeumwa upande, kama chapati. Mamia ya majua. Tulilitazama jua hivyo, migongo ikiwa kwake. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, kamili kuanzia Luxor hadi Somalia, sehemu tu kwetu, na mwembe bado upo.

Babu alitazama mara moja, Januari iliyofuata. Macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Nilimwelekezea Kilimia, akainama muda mrefu, akasema haoni ila ukungu. Kisha akainua mkongojo bila kuangalia juu na kuuelekeza upande wa Shimba Hills, juu kidogo. "Kiko pale. Saa hizi lazima kiwe pale." Kilikuwa pale hasa.

Mpwa wangu ndiye aliyepanda kiti baada yake. Nilimweleza kwamba Galileo alichora nyota 36 kwenye Kilimia mahali watu walipozoea kuona sita. Akachukua kipande cha boksi na biro, akawa anatazama, anachora nukta, anatazama.

"Ngapi?" Babu akauliza kutoka kwenye mkeka.

"Ishirini na tisa."

"Hesabu tena."